Milima ya Siku za Kazi

Shuleni ninakofundisha jiografia, hapa Musoma, walimu wenzangu wakitaka kwenda kutembea milimani huja kuniuliza mimi. Wanajua nina hema, mabegi mawili makubwa ya mgongoni na jiko la gesi dogo kama bakuli. Nawajibu bila kuwaficha. Mukendo ni mlima wa jioni moja, mtu anaupanda hata na viatu vya kazini. Balili, pale juu ya mji wa Bunda, unataka asubuhi nzima na maji mengi, kwa sababu mawe yake yakishapata jua hayana huruma. Ile kambi iliyo karibu na lango la hifadhi inamfaa mtu asiyeogopa fisi akipita karibu na kamba za hema. Na Chamuriho, kule Ikizu, ndio mlima ninaoupenda kuliko yote. Huwa wananiuliza nilianzaje mambo haya, maana wanawake wa rika langu huku kwetu hawabebi mabegi kwenda kulala porini kwa hiari yao. Nawaambia nilifundishwa na mume wangu. Wanasema pole, na mazungumzo yanaishia hapo.

Mume wangu alikuwa msimamizi wa chumba cha baridi kwenye kiwanda kimoja cha samaki. Alishinda kati ya minofu ya sangara iliyogandishwa, amevaa koti zito katika mji ambao watu wengine wote wanatafuta kivuli. Alirudi jioni vidole vyake vikiwa vimekufa ganzi, ananipa nivikande. Jumamosi alitaka jua. "Mtu anayeshinda kwenye barafu lazima akajianike," alisema, "kama dagaa."

Mimi nilizaliwa kijiji cha ziwani, upande wa Majita. Kwetu mtu alipanda mlima akitafuta kuni au mbuzi aliyepotea, na akivipata alishuka. Kwa hiyo mara ya kwanza aliponipeleka Mukendo, tukiwa na mwaka mmoja wa ndoa, nilifika juu nikamuuliza, "Haya, tumefuata nini?" Akacheka, akaniambia nikae. Tukakaa. Mbele yetu kulikuwa na mji, kisha ziwa, kisha hakuna kitu. Nilikaa nikiwaza nguo nilizoziacha kwenye kamba. Miaka miwili baadaye ni mimi niliyekuwa namwamsha Jumamosi.

Binti yetu, mmoja tu tuliyejaliwa, tulimbeba Balili akiwa hajaanza shule. Tulilala kambini karibu na hifadhi zaidi ya mara tano, na kila mara nilikuwa wa kwanza kuamka na wa kwanza kuwasha jiko. Chamuriho tulipanda mara tatu hadi kileleni. Kuna mahali karibu na nusu ya njia ambapo miti inabanana na ghafla unasikia baridi shingoni, na kila tulipofika hapo mume wangu alinyamaza, na mimi nikajifunza kunyamaza naye.

Mama yake aliishi Butiama, na bado anaishi huko, peke yake tangu baba mkwe alipofariki. Mara ya kwanza tulipopiga hema kwenye kilima kilicho nyuma ya nyumba yake, alipanda asubuhi na chupa ya chai mkononi, akaizunguka hema yote, kisha akamuuliza mwanawe, "Nyumba yangu ina nini mpaka mlale kwenye mfuko?" Hakuwa anatania. Alikuwa amepanda na kushuka kilima kile maisha yake yote na mzigo kichwani, na hakuona sababu ya mtu kupanda mikono mitupu. Lakini chai alituletea kila tulipolala pale, miaka yote.

Mwaka wa mwisho wa maisha ya mume wangu Jumamosi zetu zilianza kukosekana. Alisema kazi imekuwa nyingi, miguu inamuuma, twende wiki ijayo. Alikuwa na presha kwa muda mrefu na alikuwa anameza dawa, kwa hiyo nilidhani ni presha na umri. Viatu vyake vya mlimani nilivikuta mara mbili vikiwa na udongo mbichi kwenye soli. Nikavipangusa nikavirudisha mahali pake. Sikujiuliza. Kwa hilo najilaumu mpaka leo, kwa sababu mimi ni mwalimu wa jiografia na nilipaswa kujua udongo ule haukuwa wa Bweri, mtaa tunaokaa.

Alifariki mwezi wa nne, Jumanne asubuhi. Alikuwa amevaa ovaroli yake ya bluu ya kiwandani, ameketi kwenye kigoda karibu na mlango akifunga kamba za viatu, na bodaboda wake alikuwa tayari anapiga honi barabarani. Akasema, "Subiri kidogo," taratibu, kama anayemjibu mtu aliyekuwa akimharakisha. Nikageuka. Alikuwa ameegemea ukuta na kamba moja bado iko mkononi.

Tulimkimbiza hospitali. Daktari alimpokea mlangoni, lakini nadhani tulimfikisha akiwa amekwisha kwenda. Nakumbuka jambo moja tu kuhusu saa ile. Dada wa mapokezi aliyekuwa dirishani aliingiza namba ya kadi ya bima, akaingiza tena, akaniambia haisomi.

"Ni mtandao," nikamwambia.

"Labda, mama," akasema, akanirudishia kadi kwa mikono miwili.

Tulimzika Butiama. Walikuja wenzake wachache wa kiwandani. Walinipa pole bila kunitazama usoni, wakala, wakaondoka mapema, na mimi nikadhani ndivyo wanaume wanavyoona haya mbele ya mjane. Mama mkwe hakulia. Huku kwetu msiba unaliliwa kwa sauti, na mwanamke aliyemzika mwanawe wa pekee wa kiume akikaa kimya watu wanamwangalia. Alikaa kwenye mkeka siku zote zile na macho makavu, mikono yake imekamata ncha za kanga. Nilisikia mwanamke mmoja jikoni akisema kwamba huyu bibi ana kitu moyoni. Nilimkasirikia yule mwanamke.

Likizo ya mwezi wa sita mama mkwe alikuja Bweri bila kutoa taarifa. Alishuka kwenye bodaboda na kikapu cha michembe ya viazi vilivyokaushwa na kuku mmoja amefungwa miguu. Nilifurahi kumwona. Nyumba ilikuwa kubwa mno, binti yangu amerudi chuoni Dodoma, na safari ya kiwandani ya kufuatilia mafao ya marehemu nilikuwa naiahirisha kila wiki kwa sababu sikutaka kuliona lile geti.

Asubuhi yake tukiwa tunakunywa uji aliniambia, "Nataka unionyeshe alikokuwaga analala."

"Chumbani, mama?"

"Hapana. Kule milimani. Kila mahali."

"Ni mbali. Na kwingine ni pagumu."

"Nimeuliza kama ni pagumu?"

Nilidhani nimeelewa. Niliona ni mama anayetaka kukanyaga alipokanyaga mwanawe, na mimi mwenyewe nilikuwa natamani sababu ya kutoka ndani ya ile nyumba. Nikashusha mabegi kutoka juu ya kabati.

Tulianza na Mukendo jioni ileile. Alipanda amevaa viatu vyake vya plastiki, amejifunga kanga kiunoni, na hakupumzika hata mara moja. Juu aliniuliza, "Alikaa jiwe gani?" Nikamwonyesha. Akakaa palepale.

"Alikuwa anatazama nini?"

"Ziwa."

"Ziwa lina nini?"

"Hakuna, mama. Alikuwa anatazama tu."

Akatazama. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mitumbwi, na nilimwona anajaribu kwa bidii kabisa kuona kile alichokiona mwanawe, macho ameyakaza kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Tulishuka. Nikiwa namtandikia kitanda alisema, "Huko kwingine twende upesi, kabla sijashindwa." Nilidhani anazungumzia miguu yake.

Siku ya pili tulikwenda Bunda, tukapata vyumba kwenye nyumba ya wageni pale Nyasura, na alfajiri ya siku iliyofuata tukaanza kuelekea Balili. Chini ya mlima, upande ambao sisi tulizoea kupandia, kuna mwanaume anayeponda kokoto. Ni mtu wa umri wa mume wangu, mwenye mabega mapana na vumbi jeupe kwenye kope. Miaka yote tulikuwa tunamwachia pikipiki tukipanda, na tukishuka tunakunywa maji kwenye kidumu chake. Alipotuona alisimama.

"Shikamoo, mama," alimwamkia mama mkwe. Kisha akanigeukia mimi. "Madamu, za siku nyingi? Mwenzio yuko wapi? Amepotea sana huyu."

Nikamwambia tumemzika mwezi wa nne.

Akaweka nyundo chini. Akavua kofia. Akasema, "Ndiyo maana. Nilikuwaga najiuliza. Maana Jumatatu alikuwa hakosi."

"Jumamosi," nikamsahihisha.

"Hapana, madamu. Jumamosi ni zamani zile, mkija wote. Mimi nasema huu mwaka. Jumatatu alikuwepo, na Alhamisi. Anakuja asubuhi na begi lake, anavua ile ovaroli pale nyuma ya mawe, anaikunja vizuri, anapanda. Saa tisa anashuka, anaivaa, anaondoka."

Nilimwambia atakuwa amemfananisha. Jumatatu na Alhamisi mume wangu alikuwa kazini.

Yule mwanaume alinitazama, akamtazama mama mkwe, na nadhani alielewa kwamba ameingia mahali pasipo pake. Lakini alikuwa mtu mkweli. "Mimi aliniambia yuko likizo ndefu," alisema kwa sauti ndogo. "Mwanzoni. Baadaye akasema kazi hana. Walipunguza watu kabla ya Krismasi, samaki wamekuwa wachache. Madamu, mimi nilidhani unajua. Mara ya mwisho alikuwa anapanda kidogo anakaa, anapanda kidogo anakaa, anashika kifua. Nikamwambia, kaka, nenda hospitali. Akasema kadi yake imekufa, atakwenda akipata kazi nyingine."

Nilianza kupanda. Sijui kwa nini nilipanda badala ya kurudi. Labda kwa sababu mwili ulikuwa umekuja kwa ajili hiyo. Nilipanda haraka kupita kawaida, na nyuma yangu nilisikia viatu vya plastiki vikikwaruza mawe, haviachi. Hesabu zilikuwa zinajipanga zenyewe kichwani. Kila asubuhi, tangu kabla ya Krismasi, alioga, akavaa ovaroli, akaniambia "Nakwenda kazini," akapanda bodaboda. Kila mwisho wa mwezi alileta hela ya matumizi mezani; kumbe alikuwa anakatakata ile waliyomlipa kumwachisha. Na kadi isiyosoma haikuwa mtandao.

Tulipofika kwenye lile bapa la jiwe ambapo tulizoea kula, nilisimama nikageuka. Mama mkwe alikuwa anahema, ametazama miguu yake. Mtu aliyepata habari mpya huinua uso. Yeye alikuwa ameinamisha wake tangu kule chini, tangu yule mwanaume alipotaja Jumatatu.

"Mama," nikasema. "Ulijua?"

Akakaa chini, akavuta pumzi.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Jumatano alikuwa anakuja kwangu. Anakula, analala kidogo kwenye chumba chake cha utoto, saa kumi anaondoka. Siku ya kwanza nikamuuliza, mbona uko huku siku ya kazi? Akaniambia. Akaniapisha kwa baba yake aliyelala pale uani. Akasema, mama, nipe muda, nitapata kazi, kisha nitamwambia mwenyewe. Hataki uone amekuwa mtu wa kukaa tu, wewe una kazi, una mshahara."

"Na kifua? Alikuambia kinamuuma?"

Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa mbuga, na chini kule nyundo ilikuwa imeanza tena, taratibu.

"Aliniambia dawa zake zimekwisha," akasema. "Nikampa majani. Yale ambayo mama yangu alikuwa anampa baba yangu. Nilimchemshia mwenyewe kila Jumatano. Akawa anasema anajisikia nafuu, na mimi nikaamini." Akainua uso. "Nilitaka nikuambie. Nyumbani nilishindwa. Nikasema tukifika huku, mahali pake, nitasema. Pale Mukendo nilishindwa tena."

Ningeweza kumwambia maneno mengi. Kuna dawa za presha kwenye kila duka la dawa Musoma, na mshahara wangu ungezinunua. Ningeuza pikipiki, ningeuza hema. Lakini niliyoyasema ni haya: "Ungeniambia, angekuwa hai." Nikalichukua begi langu nikaanza kushuka, nikamwacha ameketi juu ya jiwe.

Mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha wanafunzi kanuni ya kwanza ya mlimani, kwamba huachi mtu nyuma. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, njia asiyoijua, mawe yanayoteleza kwa changarawe. Nilijua, na nilishuka. Nilifika chini, nikakaa karibu na lile rundo la kokoto, nikangoja. Yule mwanaume aliniangalia mara moja, akauliza, "Bibi yuko wapi?" Akaacha nyundo akapanda.

Walirudi baada ya saa nzima. Yule mwanaume alikuwa amemshika kiunoni, na mkono wa kulia wa mama mkwe ulikuwa umefungwa kwenye kanga yake mwenyewe. Alikuwa amejaribu kushuka kwa upande mwingine, akateleza. Uso wake ulikuwa na vumbi na damu kidogo kwenye kidevu. Alipofika mbele yangu alisema, "Nimeanguka tu," kama mtoto anayeogopa kuchapwa. Sijapata kuona aibu kama ile katika maisha yangu.

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Walimfunga plasta pale Bunda, daktari akasema asinyanyue kitu kwa wiki sita au zaidi. Mtu asiyeweza kushika mwiko wala ndoo hawezi kuishi peke yake Butiama, kwa hiyo nilirudi naye Bweri.

Zile wiki zilikuwa ndefu. Nilimwogesha. Nilimsuka nywele, nikamkatia ugali vipande ili ale kwa mkono wa kushoto, kitu ambacho kilimuudhi kuliko maumivu. Nilimfanyia yote aliyostahili, na sikuongea naye isipokuwa kwa mambo ya lazima. Maji yako tayari. Geuka. Kula. Naye alijibu, "Asante, mwanangu," kila mara, kwa sauti ileile. Mikono yangu ilikuwa inamwosha na moyo wangu ulikuwa bado unashuka Balili bila yeye.

Kiwandani nilikwenda mwezi wa saba. Walinipokea vizuri, wakanipa nakala ya barua aliyosaini. Mwandiko wake ulikuwa wa kawaida, haukutetemeka. Msichana wa ofisini aliniambia kwamba siku ile marehemu aliwasaidia wenzake wawili kujaza fomu zao kabla ya kujaza yake. Nilitoka nje nikakaa kwenye kizingiti cha duka lililokuwa mbele ya geti, na nilipoweza kusimama nilikwenda nyumbani nikampigia binti yangu simu, nikamwambia baba yake alikuwa ameachishwa kazi na hakutuambia. Alilia, akakata, akapiga tena. Mama mkwe alikuwa chumba cha pili. Mlango ulikuwa wazi.

Plasta ilitolewa mkono ukiwa mwembamba na mkavu kama kijiti. Nilifikiri atataka kurudi kwake siku ileile. Badala yake akasema, "Kuna mmoja umebaki. Ule wa Ikizu."

"Mama, inatosha."

"Ulisema ndio alioupenda."

Sikukumbuka kumwambia. Labda alisikia kwa mwanawe. Sikuwa na nguvu ya kubishana, na kusema kweli nilitaka kwenda. Tulingoja likizo fupi ya mwezi wa tisa.

Watu wa Ikizu wanauheshimu mlima wao. Hupandi bila kupita kwa wenyeji kuwaamkia na kueleza unakwenda kufanya nini. Mama mkwe ndiye aliyeeleza, kwa Kizanaki chake ambacho wao wanakisikia vizuri kiasi. Sikufuata yote, lakini mzee mmoja aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani akatuletea fimbo mbili.

Tulipanda polepole. Mimi nilitangulia hatua tatu, nikageuka, nikangoja, nikapanda tatu nyingine. Hatukufika mbali. Mahali njia inapoingia kwenye miti minene, kule ambako mume wangu alikuwa ananyamaza, aliweka mkono kifuani akasema basi. Nikampa maji. Ilikuwa mchana, na bado kulikuwa na baridi pale, na ndege mmoja alikuwa anaita sauti moja tu bila kuchoka.

"Hiyo hema," akasema. "Isimamishe."

"Hatulali hapa, mama. Tunashuka saa tisa."

"Isimamishe tu."

Nikaisimamisha. Nimezoea, hainichukui muda. Nikatandaza godoro jembamba, nikafungua mlango. Akavua viatu, akavipanga pembeni kama mtu anayeingia nyumba ya wageni, akaingia kwa magoti akiuhifadhi ule mkono. Akalala chali. Nilimwona anagusa kitambaa juu yake, akinusa. Tulikuwa hatujaifua tangu mwaka uliopita.

"Alilala upande huu?"

"Upande huo."

"Funga."

Nikavuta zipu. Nikakaa nje kwenye mzizi, mgongo wangu ukiielekea hema.

Kisha nikamsikia. Kilikuwa kilio cha msiba hasa, kile cha kwetu, kinachoanzia tumboni, na kati yake alikuwa anamwita mwanawe kwa jina la utotoni ambalo mimi mkewe sikuwahi kulisikia. Alimwambia mambo mengi kwa Kizanaki. Nilielewa maneno mawili matatu. Majani. Jumatano. Nisamehe. Alilia mpaka sauti ikapasuka, na mimi niliyeketi nje nilijua ninapaswa kufungua ile zipu nikaingia nikamshika. Sikufungua. Sikuwa na hasira tena wakati ule, nadhani, lakini pia sikuwa na kitu kingine cha kuweka mahali pake. Nilisubiri hadi aliponyamaza. Kisha nikawasha jiko nikachemsha chai, nikamwambia kupitia kitambaa, "Mama, chai iko tayari."

Akatoka. Tukanywa. Tukakunja hema pamoja, yeye ameshika ncha moja kwa mkono wake mzima, tukashuka. Wiki ile akarudi Butiama.

Krismasi binti yangu alikuja kutoka Dodoma, tukaenda wote kwa bibi yake. Tulikaa uani baada ya chakula, si mbali na makaburi mawili. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Ule mkono haujarudi kama zamani, vidole haviwezi kufunga kabisa. Mimi na yeye tulikuwa tunaongea vizuri kufikia wakati ule, juu ya mvua, juu ya paa linalovuja, juu ya ng'ombe wa jirani. Huwa nakwenda kumwona kila mwezi. Hatujawahi kuutaja tena mlima wowote.

Binti yangu akauliza, "Mama, kwani hakuna mtu hata mmoja aliyejua? Miezi yote ile?"

Mkono wa mama mkwe ulisimama juu ya maharage. Hakuinua kichwa.

Nilimtazama mwanangu. Ana macho ya baba yake. Anampenda bibi yake kuliko mtu yeyote aliyebaki, zaidi yangu pengine, na mwaka ule alikuwa ameshampoteza mmoja.

"Hakuna," nikamwambia. "Alikuwa msiri sana baba yako."

Akatikisa kichwa, akainuka kwenda kuosha vyombo. Mama mkwe alibaki hivyo kidogo, kisha akaendelea kuchambua, anatoa mawe, anayatupa pembeni. Hakuniambia asante, na mimi sikutaka aniambie.